Afya Yako: Mtoto Akivimba Taya



Mwezi huu tuzungumze juu ya ugonjwa mmoja wa watoto. Si ugonjwa wa kila siku kama malaria au kuhara. Huenda kijijini kwako hujamwona hata mtoto mmoja aliyeupata. Lakini ukimshika mtoto, haungoji. Madaktari wanasema hakuna uvimbe wa saratani unaokua upesi kama huu. Leo utauona mdogo kama punje ya hindi, baada ya wiki chache uso mzima umeharibika.

Saratani ndiyo ugonjwa ambao wengi wetu huuita kansa. Tukisikia jina hilo tunafikiri juu ya wazee, tena tunafikiri juu ya kifo. Lakini huu ni wa watoto, hasa wenye miaka minne hadi minane, na unatibika. Wapo watu wazima leo, wenye watoto wao, waliougua ugonjwa huu wakiwa wadogo wakapona.

Tuchukue mfano wa familia moja. Wanakaa ng'ambo ya Mto Kilombero, upande wa Ulanga. Mvua zinapoanza hufunga nyumba ya kijijini, wakahamia kwenye mashamba ya mpunga bondeni. Wewe msomaji wa Kilombero unayajua maisha hayo. Mnakaa kwenye dungu miezi mingi mpaka mavuno. Mnalinda mpunga, ndege mchana, nguruwe usiku. Zahanati iko kijijini, mwendo wa saa tatu au nne kwa miguu, na maji yakijaa njia haipitiki.

Mtoto wao wa kiume ana miaka sita. Siku moja anasema jino linamsumbua. Mama anamfungua kinywa, anaona gego limelegea. Anamwita mumewe.

"Baba watoto, njoo uone. Gego hili linacheza."

"Mama watoto, huo si ndio umri wake wa kung'oka meno? Mwache."

Hapo baba amekosea, nami simlaumu, maana wengi wangesema hivyo hivyo. Mtoto wa miaka sita hung'oka meno ya mbele. Magego ya utoto hungoja mpaka mtoto afike miaka tisa au kumi, hata zaidi. Gego likilegea kwa mtoto wa miaka minne, mitano au sita, wala hakuanguka, wala halikuoza, kuna kitu kinalisukuma kutoka ndani ya mfupa.

Wiki ya pili shavu linavimba. Bibi anasema ni usaha wa jino, asukutue maji ya chumvi. Wiki ya tatu anapelekwa kwa mtu anayejua kung'oa meno. Jino linatoka bila taabu, lakini la pili nalo linalegea. Wiki ya nne jicho la upande ule linaanza kutokeza nje. Jirani mmoja anasema mtoto amerogwa. Mpunga umekaribia kukomaa, ndege ni wengi, na baba anasema, "Tuvune kwanza, ndipo tumpeleke."

Familia hii ni ya mfano. Lakini waulize madaktari wanaotibu watoto wenye saratani Dar es Salaam, Mwanza, Kampala au Kisumu. Watakuambia kwamba hadithi hiyo wameisikia mara nyingi, jino kwanza, halafu jino la pili, halafu mganga wa kienyeji, na hospitali mwisho.

Sasa nikueleze jinsi ugonjwa huu ulivyojulikana. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, kulikuwa na daktari mpasuaji mmoja, mtu wa Ireland, jina lake Denis Burkitt. Alikuwa na jicho moja tu. La pili lilipigwa na jiwe alipokuwa mwanafunzi. Siku moja daktari mwenzake alimwita amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano. Mataya ya mtoto yalikuwa yamevimba pande zote, kulia na kushoto, juu na chini. Burkitt hakuelewa. Jipu haliwezi kutokea pande nne kwa mara moja, na saratani aliyoijua yeye haikuwa na tabia hiyo.

Baada ya wiki chache alikwenda hospitali ya Jinja. Akiwa ndani, alitupa jicho dirishani, akamwona mtoto mwingine ameketi kwenye majani pamoja na mama yake. Uso wake ulikuwa umevimba vile vile. Burkitt akatoka mbio kwenda kumpima, akakuta kwamba tumboni pia mna uvimbe. Tangu siku hiyo alianza kutafuta. Alifungua madaftari ya zamani ya hospitali, akakuta watoto wengi walikwisha kufa kwa uvimbe wa taya, wa tumbo au wa jicho. Kila mmoja aliandikiwa jina lake la ugonjwa. Hakuna aliyefikiri kwamba ni ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 aliandika habari zake, na baadaye ugonjwa ukaitwa kwa jina lake, limfoma ya Burkitt. Huna haja ya kulikariri jina hilo. Sisi hapa tutauita saratani ya taya.

Burkitt hakuwa na fedha nyingi za utafiti. Alichapisha karatasi yenye picha za watoto wagonjwa, akaituma kwa posta katika hospitali za serikali na za misheni Afrika nzima, akiuliza: je, mmewahi kuona ugonjwa huu? Kila jibu lililofika alilitia alama kwenye ramani ukutani. Mwezi wa Oktoba mwaka 1961 akaondoka Kampala na madaktari wawili wa misheni, kwa gari kuukuu aina ya Ford lililonunuliwa paundi 250. Walisafiri wiki kumi, maili 10,000, ambazo ni kilomita 16,000. Walipita Kenya, Tanganyika, Malawi ya leo, Msumbiji, mpaka Afrika ya Kusini. Kila hospitali waliuliza swali lile lile.

Walichokigundua kilikuwa rahisi kukielewa hata kwa mtu asiyesoma udaktari. Ugonjwa ulikuwapo penye joto na mvua nyingi. Penye milima mirefu na baridi haukuwapo, na penye ukame haukuwapo. Kabila halikuhusika. Watu wa ukoo mmoja, wengine wakikaa bondeni na wengine mlimani, hawakuupata sawasawa. Watafiti wakajiuliza, ni kitu gani kinapenda joto na mvua na kinaogopa baridi? Jibu unalijua. Linakuimbia sikioni kila usiku.

Ifakara iko chini, haifiki mita 300 kutoka usawa wa bahari. Joto ni kali, mvua ni nyingi, mto unafurika kila masika. Kwenye ramani ya Burkitt, bonde lote la Kilombero ni nchi ya ugonjwa huu. Iringa juu, kwenye baridi, siyo.

Lakini mbu haambukizi saratani. Hapa soma polepole, maana ndipo watu wanapochanganya. Mwaka 1961 Burkitt alizungumza London, na mtaalamu mmoja, Anthony Epstein, akamsikiliza. Epstein aliomba aletewe vipande vya uvimbe kutoka Kampala kwa ndege. Kipande kimoja kilichelewa kwa sababu ya ukungu, ndege ikatua mji mwingine, na kilipofika maji yake yalikuwa yamechafuka. Mtu mwingine angekitupa. Wao walikitazama kwenye darubini, wakaona chembe hai zinaelea. Kutokana na chembe hizo Epstein na wenzake Achong na Barr walipata kirusi kisichojulikana, wakatangaza mwaka 1964.

Kirusi hicho karibu kila mtoto wa Afrika anacho. Hukipata akiwa mdogo sana, kwa mate, kama vile mama anapomtafunia chakula. Kwa kawaida hakimdhuru. Hulala mwilini maisha yote, na kinga ya mwili hukilinda kisiamke. Lakini mtoto anayeugua malaria mara kwa mara, mwaka baada ya mwaka, kinga yake huchoka kama mlinzi asiyelala usiku. Chembe zenye kirusi huongezeka. Katika watoto wengi sana, mmoja chembe zake huharibika, zikaanza kuzaana bila breki. Hiyo ndiyo saratani.

Kwa hiyo mtoto mwenye saratani ya taya haambukizi wenzake. Acheze nao, ale nao. Hakurogwa, wala mama yake hakuvunja mwiko wowote.

Je, tukizuia malaria tutazuia saratani hii? Swali hilo lilijaribiwa hapa hapa Tanzania, North Mara, karibu na Ziwa Viktoria, kuanzia mwaka 1977 hadi 1982. Watoto wadogo walipewa vidonge vya klorokwini ili wasiugue malaria. Katika miaka hiyo watoto wenye saratani walipungua, na dawa ilipoachwa wakaongezeka tena. Lakini watafiti walisema ukweli wao. Ugonjwa ulikuwa umeanza kupungua hata kabla ya vidonge, na malaria yenyewe ilikuwa imeanza kuizoea dawa. Hivyo hawakuweza kusema "tumethibitisha". Mimi nawasifu kwa hilo. Mtafiti anayesema zaidi ya alichokiona ni hatari kuliko asiyesema kitu.

Na sasa turudi Ifakara. Mwaka 1957, mwaka ule ule Burkitt alipomwona mtoto wa Mulago, Profesa Rudolf Geigy kutoka Uswisi alianzisha maabara ndogo Ifakara. Maabara hiyo ilikua, mwaka 1996 ikawa kituo cha Watanzania wenyewe, na tangu mwaka 2008 inaitwa Taasisi ya Afya Ifakara. Watafiti wake hawakuwa wakitafuta saratani. Walikuwa wakitafuta malaria, na waliwafuata watu mpaka kwenye madungu ya mpunga. Mwishoni mwa miaka ya 1990 walieneza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Walipopima, waliona vifo vya watoto wadogo waliolala ndani ya vyandarua hivyo vimepungua kwa zaidi ya robo. Kazi hiyo ilisaidia kuifanya nchi nzima ikubali vyandarua.

Kwa hiyo unapokwenda shambani, chukua chandarua pamoja na jembe na sufuria. Wengi hukiacha nyumbani kwa sababu dungu ni dogo au limejaa moshi. Lakini bondeni ndiko mbu walikozaliwa.

Chandarua hakiwezi kumsaidia mtoto aliyekwisha kuvimba taya. Huyo anahitaji watu, na wa kwanza ni wewe.

Wazee watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Tulikaa chini ya miembe, tukasikiliza redio, tukasoma vitabu, kisha tukachimba vyoo. Tulijifunza kwamba afya haianzii Dar es Salaam. Saratani nayo ni hivyo hivyo, ingawa wengi hudhani ni jambo la madaktari bingwa tu. Bingwa wa Muhimbili hawezi kumtibu mtoto ambaye hajafika. Anayemwona kwanza ni mama, kwa tochi, kwenye dungu. Wa pili ni mganga wa zahanati. Hao wawili wakichelewa mwezi mmoja, bingwa naye hana la kufanya.

Mganga wa zahanati naye ana shida zake. Kila siku anaona watoto wenye homa, kikohozi na kuhara. Saratani ya taya anaweza kufanya kazi miaka mingi asiione hata mara moja. Ukimletea shavu lililovimba atafikiri ni jipu la jino, na mara nyingi atakuwa amesema kweli. Jipu la jino huuma sana, huwa la moto, na hupungua kwa dawa. Uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi sana, ni mgumu, na dawa haiugusi. Atakupa vidonge. Mpe mtoto kama ulivyoelezwa. Baada ya siku tatu uvimbe ukiwa haukupungua, rudi. Usione haya. Sema hivi:

"Shikamoo daktari. Nimerudi. Dawa uliyonipa mtoto ameimeza. Uvimbe umezidi na gego la pili limelegea. Naomba barua ya rufaa."

Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Utumie ujuzi huo. Siku ya kwanza utakapouona uvimbe, andika tarehe kwenye daftari. Siku ya tatu tazama tena, andika. Siku ya tano tazama tena. Karatasi hiyo mpe mganga. Mtu anayesema "uvimbe umeanza siku nyingi" hamwelezi daktari kitu. Mtu anayesema "tarehe 4 ulikuwa kama harage, tarehe 11 umefunika shavu" amemweleza jambo ambalo hata mashine haiwezi kumweleza.

Tazama tumbo pia. Kwa watoto wengine ugonjwa haushiki taya. Hushika tumbo, likajaa upesi kwa wiki chache huku mtoto akikonda mikono. Watu husema ni bandama au minyoo. Wengine hushindwa kutembea ghafla. Hao nao wasingoje.

Kutoka zahanati barua ya rufaa itakupeleka hospitali. Kwa watu wa bonde hili hospitali kubwa ni ile ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Zamani ukitoka Ulanga ulingoja kivuko, na mto ukijaa ulilala kando. Sasa kuna daraja. Hospitalini watamchoma mtoto sindano nyembamba kwenye uvimbe, au watakata kipande kidogo, ili kitazamwe kwa darubini. Wazazi wengi hukimbia hapo. Wamesikia kwamba kisu kikigusa kansa huiamsha. Si kweli. Kansa hiyo imeamka zamani. Bila kipande kile daktari hajui atibu kitu gani, na dawa za saratani ni kali, hazitolewi kwa kubahatisha.

Ikithibitika, mtoto hupelekwa penye madaktari wa saratani za watoto. Kutoka Ifakara maana yake ni Muhimbili, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400. Watu wa Kanda ya Ziwa huenda Bugando, Mwanza. Huko hatakatwa taya. Atatibiwa kwa dawa za mshipani, kwa awamu, na atahitaji kukaa au kurudi kwa miezi kadhaa. Nywele zitanyonyoka, kisha zitaota. Atatapika, atachoka. Mwambieni mtoto mapema, asidhani anakufa. Juu ya gharama, usikate tamaa kabla ya kuuliza. Ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ipo kwa kazi hiyo, na kwa msaada wa shirika la Tumaini la Maisha wodi ya watoto ya Muhimbili imekuwa ikiwatibu watoto wenye saratani bila kuwatoza wazazi. Nauli na chakula cha aliyebaki nyumbani ndivyo vinavyowashinda wengi, na hapo ndipo ndugu na majirani wanapotakiwa.

Kuna mtego mmoja ambao umewaua watoto waliokwisha kuokolewa. Dawa hizi hufanya kazi upesi mno. Baada ya sindano za kwanza, ndani ya siku chache tu, uvimbe unaweza kuyeyuka na uso ukarudi kama zamani. Mama hufurahi. Humkumbuka mtoto mchanga aliyemwacha, humkumbuka mume aliye peke yake shambani, akafunga mzigo akaondoka. Lakini chembe zilizobaki hazionekani kwa macho. Baada ya wiki au miezi uvimbe hurudi, na mara hii dawa huushinda kwa shida. Katika nchi tajiri karibu watoto tisa katika kumi wenye ugonjwa huu hupona. Kwetu wanapona wachache zaidi. Dawa ni za aina ile ile kwa sehemu kubwa. Sababu kubwa mojawapo ni kuchelewa kufika na kuondoka mapema. Usiondoke mpaka daktari mwenyewe aseme sasa nenda, na akikupa tarehe ya kurudi, rudi.

Turudi kwenye ile familia ya dungu. Tuseme mambo yalikwenda vingine. Tuseme baba alipokwisha kusema "mwache", mama hakunyamaza.

"Baba watoto, meno ya mbele hayajang'oka hata moja. Itakuwaje gego litangulie?"

Baba akachukua tochi, akatazama, akagusa ufizi kwa kidole. Ufizi ulikuwa umejaa na mgumu. Asubuhi akampandisha mtoto begani, wakashika njia ya zahanati. Mganga akatoa dawa, akaandika siku ya kurudi. Walirudi. Siku ya nane walikuwa darajani, mtoto katikati ya baba na mama juu ya pikipiki, wakiwa na barua ya rufaa na ukurasa mmoja wa daftari wenye tarehe tatu.

Mpunga wao ulilindwa na jirani wa dungu la pili. Baadhi uliliwa na ndege.